Tuba ya B, ya F au ya Es: ipi inafaa bendi ya polka ya Kijerumani?

BesiMachame (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi, naishi kijiji kimoja kusini mwa München, huu mwaka wa tatu. Nyumbani Machame nilipiga besi kwenye matarumbeta ya usharika tangu kidato cha pili mpaka nilipoondoka. Hapa kijijini wana Blaskapelle, bendi ya wanakijiji wenyewe: seremala, mwalimu, wafugaji, watoto wa shule. Siku ya kusimamisha nguzo ya Mei nilienda kuwasikiliza, nikasimama karibu na mpiga tuba mpaka wakamaliza. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye mazoezi yao.

Mpiga besi mmoja amestaafu na kiti chake kiko wazi. Nina njia tatu. Ya kwanza ni tuba ya B ya bendi, ya zamani, vali tatu za kuzunguka, wananiazima bure. Ya pili ni ya F, vali tano, anaiuza mwalimu mstaafu wa muziki wa mji wa jirani. Ya tatu nimeiona mtandaoni, ya Es, vali za pistoni, bei nafuu kuliko ya F.

Fedha sina nyingi, na tuba si kitu cha kununua halafu ujute. Tena polka yenyewe inanisumbua. Kanisani nilikuwa mtu wa kushika noti ndefu chini ya tenzi. Hapa nikishika, wenzangu wananigeukia. Mliopita njia hii, nisaidieni.

RungweHadiSachsen

Karibu kiti cha nyuma, kaka. Mimi nimelelewa na matarumbeta ya Moravian kule Tukuyu, sasa nakaa Sachsen, si mbali na Markneukirchen ambako tuba zinatengenezwa. Polka na machi, yaani nyimbo za gwaride, nimepiga miaka tisa.

Kwanza suala la majina, maana lilinipotezea wiki nzima. Mjerumani akisema B anakusudia B flati. B ya kawaida anaiita H. Tuba nayo huitwa kwa noti ya msingi inayotoka bila kubonyeza vali. Kwa hiyo tuba ya B ni ile kubwa, mrija wake ukinyooshwa unafika kama mita tano na nusu. Ya F haifiki mita nne. Es, yaani E flati, inaizidi F kidogo tu.

Habari njema ni kwamba usomaji wako haubadiliki. Mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel ndiye aliyeshikilia kwamba matarumbeta ya kanisani yasome sauti halisi, kama kinanda, ili watu wapige moja kwa moja kutoka kitabu cha nyimbo. Mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Bendi za Kijerumani nazo humwandikia mpiga tuba kwa ufunguo wa besi na sauti halisi, awe na B au F. Vidole tu ndivyo vinavyobadilika.

Sasa chombo. Ile ya vali tatu, kama kuna namna yoyote, iache. Polka ina mapigo mawili. Besi inapiga la kwanza na la pili, pembe na tarumbeta zinajibu katikati. Na besi haikai pamoja: inapiga noti ya mzizi, inakwenda ya tano, inarudi mzizi, ya tano tena. Wimbo ukiwa wa B flati, kazi yako ni B flati, F, B flati, F, mpaka trio, yaani sehemu ya baadaye ya wimbo. Ile F ya chini, kwenye vali tatu, unaibonyeza kwa vali ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, na inatoka juu kuliko inavyotakiwa. Sababu ni hii: mrija wa kila vali umekatwa kwa kipimo cha tuba ikiwa wazi. Ukibonyeza mbili, tuba imesharefuka na mirija ile haitoshi tena. Vali ya nne inashusha toni mbili na nusu peke yake, na F inakaa mahali pake. C ya chini nayo ni hivyo hivyo, na C ndiyo ya tano ya F. Yaani noti unazozihitaji kuliko zote ndizo zinazokuumiza.

Ukishuka zaidi mambo yanazidi. B ya vali tatu inaishia E. E flati ya chini haipo kabisa, na nyimbo za A flati zinaipenda sana.

Waulize kama stoo kuna nyingine. Bendi za vijijini mara nyingi zina vyombo kuliko wapigaji.

NakuruBrass

Salaam kwenu. Nimekulia bendi ya Jeshi la Wokovu, sasa niko kaskazini mwa Uingereza na bado napiga Es. Acha niseme ukweli wa Es, kwa sababu naipenda.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ina mfumo wa fidia. Uliwekewa hataza na David Blaikley mwaka 1874 na ndio uliojenga jina la besi za Kiingereza. Ukishika vali ya nne, hewa inarudishwa kupita mara ya pili kwenye vali nyingine tatu, kupitia mirija midogo ya nyongeza, na noti za chini zinanyooka zenyewe. Es ya pistoni isiyo na mfumo huo inabaki na tatizo lilelile alilolieleza ndugu wa Rungwe.

Ila angalia vidole. B flati ya chini kwenye Es ni vali ya nne, na hiyo kwa kawaida iko ubavuni, inabonyezwa kwa mkono wa kushoto. F ya chini ni ya kwanza, ya tatu na ya nne kwa pamoja. Inatoka safi kabisa, lakini fikiria kurudia hivyo kwa mwendo wa polka dakika nne mfululizo. Kwenye B ya vali nne ni wazi, nne, wazi, nne.

Na sisi tunasoma ufunguo wa sol, kama korneti, ndugu mdogo wa tarumbeta. Kwa hiyo hata kitabu cha mazoezi cha Es ukipata, huenda kikakuchanganya. Wewe umeshazoea ufunguo wa besi, usiuache.

DadaWaLinz

Hamjambo. Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Mombasa, napiga tuba ya F kwenye bendi ya kijiji Austria ya Juu. Naona F inapitwa haraka kwenye mada hii.

B yenye vali nne ina kilo tisa, kumi hivi, na nyingine huzidi. Mimi nina kimo kifupi. Ikikaa mapajani, kipulizio kinafika juu ya pua yangu, lazima niweke stendi. F inanikaa mwilini na nikiigusa inajibu hapo hapo. Kama kwenye trio mpangaji ameipa besi mstari wa kukimbia, F inasikika kila noti. Msikilizeni Andreas Martin Hofmeir, aliyepiga tuba LaBrassBanda: chombo chake ni F, na hakuna anayesema bendi ile haikuwa na besi.

Lakini kabla hujatoa pesa, BesiMachame, nijibu jambo moja: kwenye kiti cha nyuma mko wangapi? Karatasi ya tuba mara nyingi ina noti mbili zinazoachana oktava. Mimi napiga ya juu. Ya chini anaipiga jirani yangu mwenye B, mzee ambaye ameketi hapo kabla mimi sijazaliwa. Sauti yake ndiyo sakafu, yangu ndiyo zulia. Yeye akiwa mgonjwa nasikia pengo na hakuna ninachoweza kulifanya. Kwenye F, B flati ya chini ni vali ya kwanza na ya nne, na C ya chini, kwenye F nyingi za vali za kuzunguka, ni noti ngumu: hewa inaingia lakini sauti inatoka kama imefungwa kitambaa. Nimeifanyia mazoezi miaka miwili mpaka ikakubali.

Kama utakuwa peke yako, chukua B. Kama mko wawili na mwenzako ana B, kaijaribu F ya huyo mwalimu.

BesiMachame

Dada, asante, swali lako limenifungua macho. Tupo wawili, lakini mwenzangu naye ni wa F. Kwa hiyo sakafu ndiyo inayokosekana, na labda ndiyo maana walinikimbilia na B.

Kuhusu kupiga kwenyewe, mnielekeze. Nikifupisha noti, kiongozi anasema nakata. Nikiirefusha, anasema naburuta.

DadaWaLinz

Hapo ndipo wote tuliotoka kanisani tunapokwama, na ni mahali pazuri pa kukwama kwa sababu panafundisha.

Usiizuie noti kwa ulimi. Ukiimaliza kwa ulimi inasikika kama mlango unaogongwa. Ianze kwa ulimi, wazi, hewa yote tangu mwanzo, kisha hewa yenyewe ikome. Tamka "dom", midomo ikifungwa kwenye m, usitamke "tut". Noti iwe na tumbo na iwe na mwisho, na baada ya mwisho kuwe na kimya kidogo. Kimya hicho ni cha wenzako wa pembe. Wao wanapiga nyuma ya pigo, na ukiburuta unawafunika. Wanaokugeukia ni wao, sivyo?

Halafu urefu hutegemea mtindo. Machi ya Bavaria inataka noti fupi, kavu kidogo, miguu inaifuata. Polka ya Kibohemia ni jambo jingine. Tukumbuke polka ilizaliwa Bohemia miaka ya 1830, na mtindo ambao vijiji vingi vya huku vinaupenda ulienezwa na Ernst Mosch na Original Egerländer Musikanten aliowaanzisha Stuttgart mwaka 1956. Flugelihoni na tenohoni, vyombo vya shaba vya sauti laini, zinaimba kwa ulaini, na besi chini yake ni ya mviringo, ndefu kuliko ya machi. Tafuta rekodi zao, zima kila kitu kichwani isipokuwa besi, na tembea nayo chumbani. Mimi nilijifunza hivyo, jikoni, nikipika.

Kwenye walzi, yenye mapigo matatu, unapiga la kwanza tu. Hapo usiogope kuirefusha kidogo.

RungweHadiSachsen

Dada amesema yote. Naongeza sauti. Watu hudhani besi ya polka lazima ivume. Kwenye Oktoberfest kwenyewe, tamasha la bia la München, tangu 2005, mpaka saa 12 jioni mahema makubwa hupiga muziki wa asili wa matarumbeta na sauti haitakiwi kupita desibeli 85. Mpiga tuba anayejua kupiga taratibu na bado mguu wa msikilizaji ukasogea, huyo ndiye wa kumtafuta.

MwanaMinnesota

Nawasoma kutoka Minneapolis. Huku kuna polka ya wahamiaji wa Kijerumani, kitovu chake mji wa New Ulm, na mtu aliyeijengea jina ni Whoopee John Wilfahrt. Konsatina (kinanda kidogo cha kukunjua kwa mikono) juu, tuba chini, na tuba ya huku inapewa nafasi ya kucheza: inaruka kati ya mapigo, inajibizana na konsatina. Ukiwa umechoka na mzizi na ya tano, isikilize.

Mimi natumia susafoni, kwa sababu tunapiga tukiwa kwenye gwaride. Inakaa begani, mdomo wake mpana unatazama mbele. Kwa maandamano ni raha. Ukumbini sauti inakuja kwa ukali, inamwendea mtu wa safu ya mbele moja kwa moja, wakati tuba ya kawaida inapeleka sauti juu na ukumbi unaisambaza. Bendi yako ikitembea sana, uliza kuhusu helikoni, ndugu mkubwa wa susafoni aliyezaliwa Ulaya.

BesiMachame

Tunatembea mara chache: tarehe 1 Mei, maandamano ya Ekaristi, na mazishi ya mwanachama. Mkanda wa begani utatosha.

Wakuu, narudisha majibu. Nilifanya kama ndugu wa Rungwe alivyosema, nikamuuliza mama anayetunza vyombo. Alinishusha chini ya jengo la zimamoto. Nyuma ya mavazi ya asili yaliyofungwa kwenye mifuko kulikuwa na tuba ya B ya Miraphone, vali nne za kuzunguka, imebonyea kidogo ubavuni, na haijapigwa tangu mwenyewe alipofariki. Mjane wake aliiachia bendi. Nilipulizia B flati, nikabonyeza ya nne, F ikashuka na kukaa. Mama yule akavua miwani yake. Baadaye ndipo nikajua marehemu alikuwa kaka yake.

Ya Es nimeiacha, haina mfumo wa fidia, muuzaji amekiri. Kwa mwalimu wa F nilienda kwa heshima, nikaijaribu saa nzima. Ni chombo kizuri mno, kinaimba. Nimemwambia kwa sasa kazi yangu iko chini, naye amekubali, amenipa kitabu cha mazoezi bila malipo.

Tatizo moja: vali ya tatu inakwama, na ya pili inagonga ninapoibonyeza, sauti ya chuma kwa chuma. Onyesho ni baada ya wiki sita.

RungweHadiSachsen

Usiifungue mwenyewe, kaka. Vali ya kuzunguka imekaa ndani ya kasha lake kwa kubana sana, ukiitoa vibaya unaiharibu. Vuta mrija wa kurekebishia wa ile inayokwama, dondoshea mafuta mepesi ya vali ndani, bonyeza mara hamsini, iache usiku. Ile inayogonga, mara nyingi ni viungo vya nje vya mkono wa vali au vipande vya kizibo vilivyochakaa. Weka tone la mafuta mazito kwenye viungo kwanza. Ikiendelea, ipeleke kwa fundi pamoja na hiyo iliyobonyea, na bendi ilipie, chombo ni chao.

Vipande vya kizibo havigharimu kitu. Mwombe fundi avibadilishe vyote vinne kwa mkupuo mmoja.

DadaWaLinz

Na ukishapiga, izungushe yote mzima-mzima mpaka maji yatoke mirijani, kabla hujairudisha stoo. Mtu wa mwisho hakupata nafasi ya kufanya hivyo.