Mjadala: Fallingwater ni kazi ya sanaa, au ni kosa la uhandisi lililopendeza?

Mleta mada: Wakuu, nyumba hii iliyojengwa juu ya maporomoko ya kijito huko Pennsylvania, Marekani, na kuchorwa na msanifu Frank Lloyd Wright mwaka 1935, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2019. Lakini ncha za roshani zake zilishuka hadi kama sentimita 18. Jengo lililoshindwa kujibeba tuliite sanaa?

Mhandisi wa miundo: Tuanze na nondo. Roshani inayochomoza bila nguzo huvutika upande wa juu, kwa hiyo nondo nyingi zinatakiwa zilale juu. Wright alichora nondo 8 za inchi moja kwa kila boriti kuu ya sebule. Wahandisi walioitwa na Kaufmann, mwenye nyumba, wakaziongeza hadi 16, na Wright alikasirika sana. Hata hizo hazikutosha. Tena mbao za kumwagia zege hazikuinuliwa ncha kufidia mshuko, na roshani ya juu inaielemea ya chini kupitia fremu za chuma za madirisha. Boriti za chini zinabeba mizigo miwili.

Msanifu majengo: Kwenye nondo sina ubishi. Ila angalia alichokifanya na mwamba wa pale kijitoni. Ameuacha utokeze sakafuni mbele ya meko, mahali pake pa asili. Mawe ya sakafu yamepakwa nta yanang'aa, mwamba haukupakwa; unauona kama jiwe kavu katikati ya kijito. Maporomoko yenyewe huyaoni ukiwa sebuleni, unayasikia chini yako. Ukisimamisha nguzo majini, yote hayo yamekufa.

Mchangiaji mwingine: Na kuvuja je? Kaufmann aliiita nyumba ya ndoo 7!

Mhandisi wa miundo: Kuvuja ni kero, kushuka ni hatari. Wala sikuomba nguzo, msanifu. Ukarabati wa 2002 ulinyanyua mawe ya sakafu, ukapitisha kebo za chuma kandokando ya boriti, zikavutwa kwa jeki, mawe yakarudishwa kila moja mahali pake. Nje huoni tofauti. Kumbe uimara ungewezekana tangu mwanzo bila kugusa uzuri, ndiyo maana simsamehe Wright.

Msanifu majengo: Hapo tunakubaliana. Na walifanya vyema kuzuia mshuko bila kuinyoosha nyumba: kuta na fremu zimeshakaa na mteremko ule, kulazimisha kungepasua zege upya. Bado naiita sanaa, pamoja na mteremko wake.