Kaka yangu ameacha pombe ghafla, nifanyeje?

Dada wa Kayole: Hamjambo. Kaka yangu amekunywa chang'aa kila siku kwa miaka sita. Jumatatu aliapa mbele ya mama kwamba hagusi tena. Leo siku ya pili, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, na usiku alifukuza panya ambao hawapo. Mama anasema tumwombee. Naomba, ila naogopa.

Niliyepona: Dada, mpeleke hospitali leo hii. Hayo si mapepo. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, na kuona visivyokuwepo ni dalili ya hatari, watu hufa. Mimi nilianguka siku ya tatu, nikajiuma ulimi. Nilipewa dayazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege, ikapunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Thika Road, lakini akianza degedege kimbilieni hospitali iliyo karibu zaidi.

Mama Wawili: Akitulia, mwombe daktari ampime na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Mume wangu alirudia chupa mara mbili kabla hatujajua. Namba ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haitozwi.

Dada wa Kayole: Tuko kwenye matatu. Mama amekuja pia.