Mjadala: Je, kujua ulimwengu ulivyoanza kunatuambia lolote kuhusu fahamu ya binadamu?

Mleta mada, Moshi:

Kuna hoja inayozunguka sana hapa mjini, kuanzia vijiwe vya kahawa hadi mikutano ya injili, nayo huja kwa sura mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema kwamba wanasayansi wenyewe wamekubali kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo, kwamba kitu hakijianzishi chenyewe, na kwamba aliyeuanzisha ndiye aliyempulizia binadamu fahamu. Ya pili, ambayo husemwa zaidi na vijana waliosoma, inasema kwamba fizikia imekwisha kuueleza ulimwengu, biolojia iko mbioni kuueleza ubongo, na kilichobaki ni suala la muda tu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinachukua ushahidi wa swali moja na kuutumia kufunga swali jingine. Naleta mada hii ili tuyatenganishe maswali hayo mawili, kwa kuwa naamini tukiyatenganisha tutaona kwamba lile la pili ndilo gumu zaidi.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Miaka miwili baadaye mwanaastronomia wa Marekani Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, inavyokuwa mbali nasi ndivyo inavyozidi kasi ya kwenda mbali, na mwaka 1931 Lemaître akapendekeza kwamba hapo mwanzo vyote vilikuwa vimebanana katika kile alichokiita atomu ya awali. Walikuwapo waliokataa. Fred Hoyle wa Uingereza, ambaye ndiye aliyeliita wazo hilo mlipuko mkubwa katika kipindi cha redio mwaka 1949, aliamini hadi uzeeni kwake kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo na kwamba maada mpya huzaliwa polepole na kujaza nafasi inayoachwa.

Kilichopindua mizani hakikuwa hotuba wala mahubiri. Mwaka 1964, huko New Jersey, Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakihangaika na antena kubwa iliyokuwa ikinasa mvumo usiokoma. Walikagua viungo vya nyaya, wakawatoa njiwa waliokuwa wamejenga ndani yake, wakakwangua kinyesi chao, na mvumo ukabaki palepale, ukitoka kila upande wa anga, mchana na usiku. Yalikuwa masalia ya mwanga ulioachiliwa miaka 380,000 hivi baada ya mwanzo, ambao umepoa kadiri ulimwengu ulivyotanuka hadi kufikia karibu nyuzijoto 270 chini ya sifuri. Wasomaji waliokuwa na televisheni za chogo kabla ya ving'amuzi wamewahi kuyaona masalia hayo bila kujua, kwa sababu inakadiriwa kwamba yapata asilimia moja ya zile chenga ilitokana nayo. Nasi tulipanda juu ya bati kugeuza antena, huku aliyebaki ndani akipaza sauti kwamba hapo hapo, usiguse tena, tukiwa na hamu moja tu ya kuzifukuza.

Ushahidi wa namna hii hauhitaji shahidi aliyekuwapo. Mwenye chombo akipima, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, hupata jawabu lilelile, na ndiyo maana umri wa ulimwengu unaotajwa leo, miaka bilioni 13.8, haugombaniwi tena na wataalamu isipokuwa katika desimali zake. Hata hivyo una ukomo. Unatueleza jinsi ulimwengu uliokuwa na joto na msongamano mkubwa mno ulivyotanuka na kupoa, lakini ukiurudisha nyuma hadi mwanzo kabisa, milinganyo ya Einstein inayoeleza nguvu ya uvutano hutoa majibu yasiyo na maana, na swali la kwa nini kuwepo kitu badala ya kutokuwepo chochote hata halijaguswa. Lemaître mwenyewe alilifahamu jambo hili. Papa Pius wa 12 alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba sayansi imeshuhudia uumbaji, padri huyo hakupendezwa, kwa maana alishikilia kwamba nadharia yake inakaa nje ya maswali ya dini na kwamba anaweza kuikubali mwamini na asiyeamini pia. Ningependa baadhi ya wahubiri wetu wawe na tahadhari ya padri yule.

Sasa tazameni fahamu, mwone mambo yanavyogeuka. Hapa kitu chenyewe tunacho, maana hakuna anayehitaji darubini ili ajue kwamba jino linamuuma. Kinachokosekana ni njia ya mtu wa pili kukipima. Mwanafalsafa David Chalmers wa Australia alilitofautisha tatizo hili katikati ya miaka ya 1990: tunaweza kueleza jinsi ubongo unavyotambua rangi, unavyokumbuka na unavyoongoza mkono, na bado tukabaki na swali la kwa nini shughuli zote hizo ziambatane na hisia ya ndani, badala ya kwenda gizani kama zinavyokwenda shughuli za ini. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau naye kwamba ndani ya miaka 25 itapatikana alama mahususi ya fahamu katika ubongo. Muda ulipotimia, mwaka 2023, Koch alikubali mbele ya hadhara kwamba alama hiyo haijapatikana kwa uwazi na akamkabidhi mwenzake kreti ya mvinyo. Wanaosema ni suala la muda tu wanapaswa kukumbuka kwamba muda uliwekwa, ukaisha.

Lakini wale wa upande wa kwanza wasishangilie. Kutojua sababu ya jambo si ushahidi wa sababu nyingine tuliyoichagua wenyewe, na utegemezi wa fahamu juu ya ubongo unaonekana kila siku katika vyumba vya upasuaji, ambako dawa kidogo tu ya usingizi inapita kwenye mshipa, mgonjwa anaambiwa ahesabu, na kumi haifikii. Anayesema kwamba roho haina haja ya ubongo ili ifahamu anapaswa kutueleza roho hiyo huwa wapi katika saa hizo za upasuaji.

Karibuni tujadili, kwa hoja.

Mwalimu wa madrasa, Ngarenaro, Arusha:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo yako, ingawa naona umeipa hoja ya mwanzo uzito mdogo kuliko inavyostahili kwa sababu umeipima kama ilivyo vijiweni. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, hakungoja antena ya Wamarekani. Alisema kwamba kila kilichoanza kina kilichokianzisha, kwamba ulimwengu umeanza, na kwamba kwa hiyo unacho kilichouanzisha. Na sehemu ya pili ya hoja hiyo aliitetea kwa kuonyesha ugumu wa kudhani kwamba matukio yasiyo na idadi yamekwisha kupita. Alipoulizwa Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya hapo, alijibu kwamba wakati nao umeumbwa, hivyo neno kabla halina mahali pa kusimama. Na jibu linalokaribiana na hilo lilikwisha kutolewa karne nyingi nyuma na Augustino, askofu wa Hippo, ambayo leo iko Algeria. Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyekuja baadaye, akampinga Ghazali vikali. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hoja hiyo haikusimama juu ya vipimo, kwa hiyo vipimo kufika ukomo hakuiangushi.

Kuhusu fahamu, Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia Ghazali, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani na hakuna kinachomgusa. Mtu huyo hajui kama ana mkono, lakini hawezi kukana kwamba yeye yupo. Ibn Sina alihitimisha kwamba nafsi si mwili. Je, hilo nalo utalijibu kwa dawa ya usingizi?

Mwanafunzi wa chuo, Sakina, Arusha:

Kwa heshima zote kwa Mwalimu, mimi nadhani nyote mnaruka historia iliyoko karibu nasi. Kutoka hapa kwenda Oldupai ni safari ya siku moja. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota pale fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa miaka milioni 1.75, ambalo nafasi yake ya ubongo ilikuwa kidogo zaidi ya theluthi moja ya nafasi tuliyonayo sisi, na kule Laetoli kuna nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya jivu la volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Ubongo ulikua hatua kwa hatua. Kama fahamu ilipulizwa mara moja, nani atuambie ni kiumbe yupi alikuwa wa kwanza kuipokea, na mama yake aliyemzaa alikuwa nini? Ni rahisi zaidi kukubali kwamba fahamu nayo ilikua hatua kwa hatua pamoja na kiungo kinachoibeba.

Muuguzi, Moshi:

Nachangia kutokana na kazi, si falsafa. Wodini kwetu wanaletwa vijana wa bodaboda waliogonga kichwa, na swali la kwanza la mama mzazi, hata kabla ya gharama, ni kama mwanawe anamsikia. Tunacho kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974, ambacho hutoa alama kuanzia 3 hadi 15 kwa kuangalia macho, maneno na mwendo wa viungo. Ninaita jina mara mbili, kisha asipoitika nakandamiza kucha yake kwa kalamu na kuangalia kama atauvuta mkono, atakunja kiwiko, au hatafanya lolote. Naandika namba kwenye faili. Ndugu wakiiona namba wanadhani nimepima fahamu, ilhali nimepima mwitikio.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani na ambaye kwa miezi mitano hakuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Wakamweka kwenye mashine inayoonyesha shughuli za ubongo na kumwomba awaze anacheza tenisi, kisha awaze anapita katika vyumba vya nyumba yake, na ubongo wake ukafanya kazi katika sehemu zilezile zinazofanya kazi kwa watu wazima wa afya. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2024 ulihusisha wagonjwa 241 wasiotii amri yoyote kwa kuwatazama. 60 kati yao, yaani robo, walionyesha kwenye vipimo vya ubongo kwamba wanazifuata amri hizo. Tangu nisome hayo, sikubali mtu azungumzie mazishi au mirathi kando ya kitanda, awe daktari au baba mdogo.

Mleta mada, Moshi:

Dada muuguzi amelisema kwa sentensi moja lile nililolizungukia kwa aya nzima. Nikilichukua neno lake na kumrudia ndugu yangu wa Sakina, naona kwamba fuvu la Oldupai nalo linatupa kipimo cha kitu kingine. Tunajua ukubwa wa ubongo wa kiumbe yule, na kutokana na taya na magego yake tunajua kwamba alikuwa na nguvu kubwa ya kutafuna. Kama jua la jioni lilimpendeza, mfupa hausemi. Nakubali kwamba ukuaji wa hatua kwa hatua ndiyo dhana yenye mashiko zaidi tuliyonayo, na swali lako kuhusu mama wa kiumbe wa kwanza ni zito kwa anayetaka pumzi moja kwa siku moja, lakini kusema kitu kilikua hatua kwa hatua si kueleza ni kitu gani kilichokuwa kikikua.

Mwalimu, kuhusu Ghazali umenirekebishia mizani, na nakubali kwamba hoja ya kiakili haiangushwi na ukomo wa vipimo. Basi tukubaliane pia kwamba haipandi bei vipimo vinapoonekana kuiunga mkono, na kwamba mhubiri anayemtaja Penzias madhabahuni hamwongezei Imamu kitu. Ama yule mtu wa Ibn Sina anayeelea, nadhani anathibitisha pungufu ya alichotakiwa kuthibitisha. Kwamba ninaweza kujijua bila kuujua mkono wangu hakuonyeshi kwamba ninaweza kuwapo bila ubongo. Mtoto wa shule anajua maji bila kujua haidrojeni, na maji hayawezi kuwapo bila hiyo haidrojeni. Zaidi ya hayo, mtu yule anajijua yeye peke yake. Tukimweka mwenzake hewani hatua mbili kutoka alipo, hatajua kama yuko. Swali la mama wa kijana wa bodaboda ni la huyo wa pili, na ndilo ningependa Mwalimu alijibu: kwa anayeamini kwamba nafsi si mwili, ni dalili gani ya nje ingemfanya aseme kwamba nafsi ya mgonjwa yule imelala tu, na ni ipi ingemfanya aseme imekwisha kuondoka?