Kampuni kubwa, usaili wa ovyo: jopo lisilo na karatasi ya alama linapima nini?

Wakuu, hili limezidi. Ofisi ya watu watatu ikimsaili mtu kienyeji inaeleweka. Kampuni yenye idara nzima ya rasilimali watu, wanasheria na bajeti ya mafunzo inapomwita mtu, kisha jopo linafungua wasifu wake kwa mara ya kwanza akiwa ameshaketi mbele yao, huko ni kumdharau mwombaji.

Usaili una namna yake ya kuandaliwa, na wanaijua. Unachukua majukumu ya kazi, unatoa humo sifa nne au tano zinazopimika, kila sifa unaitungia swali moja au mawili. Kila swali linaandikiwa mapema jibu la alama 1 likoje, la 3 likoje, la 5 likoje. Waombaji wote wanaulizwa maswali yale yale, na kila msaili anajaza alama zake peke yake kabla jopo halijafungua mdomo kujadiliana. Hapo kwenye kujaza peke yako ndipo wanapoharibu zaidi. Bosi akitangulia kusema "huyu sijamwelewa", waliobaki wanamfuata, na wasaili wanne wanageuka kuwa mmoja. Isitoshe, anayeongea vizuri anapewa alama nzuri hata kwenye hesabu ambazo hakuulizwa. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilieleza kosa hilo tangu 1920, na mpaka leo watu wanaajiriwa kwa ufasaha wa dakika tano za mwanzo.

Wasitwambie kwamba hakuna ushahidi. Mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walikokotoa upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Uwiano kati ya alama za usaili uliopangwa na utendaji wa mtu kazini ulikuwa wastani wa 0.42, na ule wa maongezi ya holela 0.19 (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kuendana kikamilifu). Tofauti hiyo inatokana na kuupanga usaili, na karatasi ya maswali na alama karibu haigharimu chochote!

Vitendawili navyo bado vipo, eti mipira mingapi inajaza basi. Mkuu wa rasilimali watu wa Google wakati huo, Laszlo Bock, alisema hadharani mwaka 2013 kwamba maswali hayo hayabashiri chochote. Kampuni hiyo hiyo ilipima data zake ikaona kwamba baada ya wasaili wanne, wa tano haongezi kitu cha maana. Sasa raundi ya sita na ya saba ni za nini? Na maswali ya "umeolewa?", "unatarajia kuzaa lini?" yanahusiana na jukumu gani la kazi?

Halafu kuna kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Jaribio la haki ni la saa mbili au tatu, lina data za kubuni, na vigezo vya kusahihisha vinatajwa mapema. Mkiambiwa muandae mpango mzima wa mauzo kwa bidhaa yao halisi, mnafanyishwa kazi bila malipo. Kabla ya kukubali, ulizeni kwa barua pepe: inatakiwa saa ngapi, nani anasahihisha, na je, itatumika kibiashara? Wakikwepa la tatu, pelekeni muhtasari na sehemu moja iliyokamilika, basi.

Baya kuliko yote ni ukimya. Mifumo ya kupokea maombi inaweza kutuma ujumbe kwa waliokosa wote kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi hawatumi kwa sababu wanamweka mtu wa pili akiba mpaka wa kwanza asaini mkataba, au bajeti ya nafasi imesimamishwa na hakuna anayetaka kulisema. Mtu anaacha kuomba kwingine akisubiri simu isiyokuja.

Kwa hiyo msitoke chumbani bila kuuliza tarehe ya uamuzi, jina la atakayewasiliana nanyi na njia atakayotumia. Tarehe ikipita kwa siku tano za kazi, andikeni barua pepe moja yenye jina la nafasi, namba ya tangazo na tarehe ya usaili. Penye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ombeni nakala ya taarifa zenu. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, haki hiyo inaweza kugusa hata maoni ambayo wasaili waliandika juu ya mwombaji, na jibu kwa kawaida linatakiwa ndani ya mwezi mmoja.

Mlio ndani ya hizo idara za rasilimali watu, jibuni bila kuzunguka: nani anazuia karatasi ya alama isitumike, na kwa sababu gani?