Mwenye nyumba akikuuzia umeme, akuonyeshe bili

Wadau, kuna hoja imetolewa kwamba mita kuu ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo uniti auze kwa bei anayotaka, asiyeridhika ahame. Naipinga kabisa.

Kodi tunapatana kabla sijaingia. Nikishaingia, umeme na maji sina pengine pa kununua: waya ni mmoja, bomba ni moja. Basi anayeniuzia anionyeshe alinunua kwa kiasi gani. Uingereza tangu 2003 mdhibiti wa nishati, Ofgem, anamzuia mwenye nyumba kumuuzia mpangaji uniti kwa bei inayozidi aliyonunulia.

Lakini bei ya uniti si ugomvi wote. Tuseme mita kuu imesoma uniti 620 kwa mwezi, na mita ndogo za wapangaji ukizijumlisha unapata 540. Zile 80 ni za nani? Ni taa za ngazi, taa ya geti, pampu, pengine na mita mbovu. Wengi huzigawa kwa wapangaji kimya kimya. Mimi nasema ni za mwenye nyumba, azihesabu kwenye kodi mapema, kwa sababu ndiye mwenye uwezo wa kubadili taa au kutengeneza pampu.

Nalisema hili kwa uchungu. Nyumba niliyopanga zamani, bili yangu ilipanda miezi mitatu mfululizo. Usiku mmoja nikachomoa friji, nikazima kila kitu, nikasimama mbele ya mita na tochi ya simu. Kitaa chekundu kikaendelea kumweka. Fundi alipofuatilia waya akakuta pampu ya nyumba nzima inavuta umeme kupitia mita yangu. Pengine halikuwa kusudi, ila pesa yangu haikurudi. Lifanyeni jaribio hilo leo, ni dakika tano tu.

Na kudaiwa kodi si sababu ya kufungiwa maji. Deni la kodi lina njia zake.

Wenye nyumba nao wana neno: pale bei ya uniti inapopanda kwa ngazi, yaani ukitumia nyingi kila uniti ya ziada inakuwa ghali zaidi, kaya nane kwenye mita moja hufika ngazi ya juu upesi, wote wakaumia. Dawa ni kila kaya iwe na mita yake kutoka kwa shirika la umeme lenyewe. Gharama abebe mwenye nyumba, maana mpangaji akihama mita inabaki ukutani. Mwenye hoja ya kunipinga hapo ailete.