Naomba ushauri: Honda CR-Z na mlima wa Marangu

Habari zenu wakuu. Nimechukua Honda CR-Z ya 2011, haibridi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme), injini 1.5, gia sita za mkono. Mjini Moshi raha tupu: ukisimama inajizima yenyewe, ukiingiza gia inawaka (abiria wanadhani imeharibika).

Kasheshe ni kupanda kutoka Himo kwenda Marangu. Nikiweka Sport (mpangilio wa kuendesha wenye nguvu zaidi), chaji ya betri ya haibridi inashuka mpaka kijiti kimoja, gari inakuwa nzito ghafla. Nikishuka inajaa tena. Nimejaribu Normal na kupunguza gia mapema, afadhali kidogo. Fundi anasema betri imechoka, ila hajapima chochote.

Je, hii ni kawaida kwenye mlima mrefu? Na nani Moshi au Arusha ana mashine ya kupima hizi betri?