Naomba ushauri: Electron au Tauri kwa kompyuta za zamani?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada hasa nyie mnaotengeneza programu za kompyuta kwa JavaScript. Kuna mama ana duka la dawa huku Morogoro anataka programu ya mauzo na stoku isiyotegemea intaneti, mi upande wa kurasa nishamaliza na React (maktaba ya JavaScript ya kutengeneza kurasa), data inakaa kwenye SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja), sasa kuigeuza iwe programu ya kuinstoli ndo kichwa kinauma.

Nimeanza na Electron (inageuza kurasa za wavuti ziwe programu ya kompyuta) maana JavaScript ndo naijua, ila inabeba Chromium (kivinjari kizima) na Node.js (inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) nzima ndani yake so faili limekuwa zito na ramu inaliwa kwelikweli, na kompyuta zake zina ramu GB 4 tu, halafu moja bado iko Windows 7 (kuibadilisha hataki hata kusikia). Electron 22 ndo ya mwisho kukubali Windows 7, kuanzia 23 wameitema. Nikibaki na 22 haipati tena marekebisho ya usalama, ingawa mashine yenyewe haiingii mtandaoni... Tauri inafanya kazi hiyohiyo na ni nyepesi sababu inatumia WebView2 (kivinjari cha Microsoft cha kuonyesha kurasa ndani ya programu) ya kwenye Windows, lakini Rust, lugha inayotumika upande wake wa ndani, sijui hata a, na WebView2 nayo kwa Windows 7 iliishia toleo la 109.

Halafu better-sqlite3 (moduli ya Node.js ya kuongea na SQLite) inagoma, inalalamika NODE_MODULE_VERSION, yaani imejengwa kwa toleo lisiloendana na Electron yangu. Nimeambiwa nirun electron-rebuild (inajenga upya moduli ziendane na Electron), je narudia kila nikibadili toleo la Electron? Na nyie mngekomaa na 22 au mngembana mama anunue mashine nyingine?